Nyumba ya Mzungu Kando ya Bwawa

Wifi yangu Kavata aliendelea kuitunza nyumba ya mzungu hata baada ya mzungu kurudi kwao. Ilisimama kwenye mwinuko juu ya bwawa, nje kidogo ya mji wa Sultan Hamud: nyumba ya mawe ya kuchongwa, vigae vyekundu vilivyoletwa kwa treni kutoka Mombasa, na veranda yenye matao iliyotazama maji. Sebuleni palikuwa na mahali pa kuotea moto, na sisi huku tunakufa kwa joto.

Bei ya mkonge aliokuwa akilima ilipoanguka, mzungu alimkabidhi Kavata ufunguo, akasema atarudi. Hakurudi. Mshahara ukakoma, lakini Kavata hakuacha kupiga sakafu nta, huku yeye akilala kwenye kibanda cha mabati nyuma ya jikoni. Ukimuuliza, anakwambia amekabidhiwa. Alinichosha, nasema kweli.

Kisha ikaja njaa ya mwaka wa themanini na nne, ile tuliyoiita Nikwa Ngwete, yaani nafa na pesa mkononi. Bwawa likakauka, likabaki tope lililopasuka. Mwethya wetu, kikundi cha akina mama tunaosaidiana kazi, ukaamua kujenga ukuta wa kuzuia maji mtoni. Saruji tulipewa na kanisa. Mawe yaliyokuwa karibu ni ya nyumba ile. Chifu aliruhusu, lakini mwethya haunyang'anyi mtu, mwenyewe hutoa. Aliyekabidhiwa alikuwa Kavata, naye alikataa kila tulipomwendea. Watoto wangu walikuwa wanakunywa matope. Nilimchukia.

Siku moja nilimkuta akifagia veranda. Sikuwa na nguvu ya kubishana tena, nikajitupa kwenye kiti cha mzungu. Akashtuka, maana hata yeye hakuwahi kukikalia. Nikainuka, nikamwambia akae basi, hakuna wa kumfukuza. Akaketi ukingoni mwa kiti, ufagio mkononi. Alitazama bwawa, halafu akageuka kutafuta kibanda chake. Hakikuonekana. Akasogeza kiti, akapinda shingo, wapi. Ukuta wa jikoni ulikuwa umerefushwa bure, hauna dirisha wala hauzuii upepo, ukakifunika kibanda chote.

"Huu ukuta nimeupaka chokaa kila Krismasi," alisema polepole. "Kumbe uliwekwa ndio wanaokaa hapa wasinione."

Nilikuja nikiwa na hasira, sasa nikamhurumia. Alifungua ncha ya leso yake, akatoa ufunguo, akaniwekea mkononi.

"Waambie akina mama waanze na ukuta huo."