Mama Mkwe Juu ya Mfuniko

Nakumbuka siku moja ya masika, mwanangu, mama mkwe wangu alipoburuta kiti cha plastiki kutoka barazani, akakiweka juu ya mfuniko wa shimo letu la maji taka, akakaa, na akakataa kuinuka.

Wewe umekwisha kupaua huko Visiga, na juzi uliniuliza fundi achimbe shimo wapi. Sikukujibu upesi, kwa sababu jibu langu haliwezi kutoka bila kisa hiki. Huyo mama mkwe ndiye bibi yako mzaa mama, Mungu amrehemu, na mwenye kushika mtaimbo siku ile alikuwa mume wangu, mjomba wako Shabani.

Tulikuwa vijana, tumehamia mtaa wa Picha ya Ndege katika nyumba ambayo hata plasta haikuwa imekauka vizuri. Wote wawili tulikuwa tumetoka chuoni karibuni, na tuliamini kwamba kila tatizo lina dawa yake dukani. Masika ilipoanza, choo kikaanza kurudisha maji, na sinki la jikoni likawa linakoroma kama mzee aliyelala chali. Tukamwaga dawa ya kuzibulia. Tukasukuma waya. Tukaita gari la kunyonya maji taka, shimo likabaki tupu, na baada ya mvua chache likajaa tena. Mjomba wako akasema fundi alituchimbia shimo bovu. Mimi nikasema ndugu zake wanaokuja kututembelea ni wengi mno. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu wa kumlaumu, na aliyekwisha kupata wa kumlaumu hachunguzi tena.

Mtaani kulikuwa na desturi ambayo watu waliitaja kwa sauti ya chini: kutapisha. Mvua kubwa ikishuka, unafungua shimo lako na kutoboa ukingo, mvua inachukua kilichomo na kuteremka nacho. Ikikatika, hakuna aliyeona kitu, na asubuhi mnasalimiana kama kawaida. Alasiri ile wingu lilikuwa limetanda kutoka upande wa Kisarawe, na sisi tulikuwa tayari.

Bibi yako alikuwa mgeni wetu. Aliuliza tu maji hayo yatakwenda wapi. Mwanawe akamjibu kwamba yatakwenda na mvua. Hapo ndipo kiti kilipotoka barazani.

"Mama, utalowa."

"Nitalowa maji ya Mungu. Wewe unataka kumlowesha Siwema wa hapo chini maji yako."

Shabani akamweleza, kwa adabu, kwamba mtaa mzima wanafanya hivyo.

"Mtaa mzima sikuuzaa mimi," akasema. "Nimekuzaa wewe."

Bi Siwema alikuwa mjane aliyekaa kiwanja cha chini yetu, na kisima chake kifupi ndicho kilichomnywesha yeye na wajukuu zake kila bomba lilipokauka. Manyunyu yalipoanza, tulimwona akitoka na bati. Alilaza bati juu ya kisima, akaligandamiza kwa mawe, jiwe baada ya jiwe, kisha akainua uso na kututazama. Mwanangu, kisima hakiogopi maji ya mawingu. Mama yule alikuwa akijikinga na sisi, majirani zake wa juu, na wala bati lisingemfaa, maana uchafu hupita hata chini ya ardhi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: kinyaa tulichokimbia jikoni kwetu ndicho tulichotaka kumpelekea kwenye ndoo.

Mtaimbo ukawekwa chini. Bibi yako, kanga ikiwa imeanza kumgandama mabegani, akanigeukia mimi.

"Hilo shimo lenu hujaa lini?"

Nilitaka kujibu kwamba hujaa kila mara, nikasita. Wakati wa Idi nyumba ilifurika wageni, wengine wakalala kwenye mikeka ukumbini, na choo hakikusumbua hata kidogo. Kisha tukabaki wawili tu, mvua ikanyesha, shimo likafurika.

"Linajaa mvua ikinyesha," nikasema.

"Basi halijazwi na watu."

Macho yetu yakapanda pamoja mpaka kwenye paa, yakashuka na bomba la gata, yakaishia kwenye chemba ya choo, kile kisanduku cha zege ambamo mabomba ya nyumba hukutana kabla ya kuingia shimoni. Mjomba wako mwenyewe ndiye aliyeliunganisha, ili ua usiwe na matope. Paa zima lilikuwa likimiminika shimoni.

"Mmekinywesha choo masika nzima," bibi yako akasema, "sasa mnashangaa kinacheua."

Bomba likakatwa kabla ya magharibi, maji ya paa yakaelekezwa kwenye pipa. Lakini shimo lilikuwa bado limejaa, na gari lisingeweza kupanda katika tope lile. Bi Siwema, ambaye alikuwa ameyaona yote, akapanda kwetu, akasalimu, akampa bibi yako ufunguo wa choo chake, akatuonyesha ndoo ilipo. Tulishuka kwake vichwa vimeinama mpaka barabara ilipokauka na gari likafika.

Kwa hiyo, mwanangu, bomba moja likiziba, tafuta tatizo karibu na bomba hilo. Yakiziba yote, fungua chemba: ikiwa tupu, kizuizi kiko upande wa nyumba; ikiwa imejaa, kitazame upande wa shimo. Shimo likijaa, uliza linajaa lini kabla hujauliza ni nani wa kulaumiwa. Maji ya paa na maji ya choo yasikutane kamwe. Mtu yeyote asishuke shimoni, hata kwa kitambo kidogo, kwa kuwa hewa ya mle huua bila kelele. Lichimbwe mbali na kisima cha mtu, wala lisiwe juu yake. Na fundi asipige jembe mpaka umeshuka kumsalimu jirani wa chini na kumuuliza anachota maji wapi, kwani jibu lake ndilo litakalokuonyesha pa kuchimba.

Mungu akujaalie nyumba yenye wageni wengi na choo kisichowaaibisha. Wingu likitanda Visiga, jirani yako wa chini atazame juu kwako, aone moshi wa jikoni, arudi ndani bila kufunika kisima chake.