Klarineti Niliyoichagua Nikitazama Ukuta

Mwaka niliothibitishwa kazini, kwenye wadi ya mifupa, niliamua kununua klarineti ya maana. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya plastiki, na nilikuwa nimeshaizidi. Nasema hivyo bila kuona haya. Nilifundishwa kuipiga sekondari kule Songea na sista mmoja asiyejua kusifu, na aliyepita mikononi mwake huijua sauti nzuri akiisikia.

Bendi yetu hufanya mazoezi Jumanne kwenye ukumbi wa kanisa, si mbali na kwangu mtaa wa Hodge Hill. Jirani yangu wa kiti alikuwa mama wa Kijapani, amesomea klarineti chuoni kwao Osaka, kisha akaja Birmingham kumfuata mumewe aliyehamishwa kikazi. Kwa kuwa alinizidi umri kidogo, nilimwita dada. Alipoelewa maana yake akalipenda neno, naye akawa ananiita hivyohivyo.

Nilipomwambia nafikiria kununua ya Kijapani, nilidhani atafurahi. Alikunja uso.

"Hapana, dada. Chukua ya Kifaransa."

"Lakini si ninyi mnaozitengeneza?"

"Ndiyo, na ni nzuri. Shuleni karibu sote tulianza na za kwetu. Lakini ukionekana una nia kweli, mwalimu anakwambia: sasa tafuta ya Kifaransa. Darasani kwangu chuoni hakuna aliyekuwa na nyingine."

Akanieleza alivyopata yake. Mwalimu wake alikwenda dukani mwenyewe, akajaribu kadhaa, akamchagulia moja. Kwao hilo ni heshima kubwa. Yeye alipokea tu sanduku kwa mikono miwili, akainama, akaenda nyumbani kufanya mazoezi. Tangu siku hiyo hakuwahi kupuliza nyingine.

Jumamosi moja akanisindikiza mtaa wa Hockley, kwa mzee wa Kiingereza anayetengeneza na kuuza ala za kupuliza ghorofani, juu ya karakana ya sonara. Mzee alitupangia nne mezani, mbili za Kifaransa na mbili za Kijapani, kisha akarudi kwenye kazi yake. Zote nne zilikuwa za mpingo, nyeusi, zinang'aa. Nikamwambia dada kwamba mti huo unatoka kwetu kusini, kwa hiyo hapo nilikuwa naonyeshwa binamu zangu. Hakucheka. Tayari alikuwa ameweka mdomoni ulimi wa mwanzi, ule unaofungwa pale pa kupulizia, anaulowesha.

"Geukia ukuta," aliniambia. "Macho yanadanganya."

Nikageuka. Alipiga wimbo uleule kwa kila moja, taratibu, kuanzia sauti za chini kabisa. Ya kwanza ilikuwa nyepesi na changamfu. Ya pili ilifanana nayo ila ilififia chini. Ya tatu ilijaa chumba kizima bila kupiga kelele. Ya nne sikuipenda hata kidogo.

"Ya tatu," nikasema.

Akazichanganya, akapiga tena.

"Sasa umeileta mwanzo."

Akazichanganya mara nyingine, na mara hiyo nayo nikaitambua. Nilipogeuka, aliyoishika ilikuwa ya Kijapani.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Ya Kifaransa ina rangi nyingi za sauti, dada. Siku ukipiga peke yako mbele ya watu, utazitaka."

"Nataka sauti inayotulia, chini hadi juu. Rangi nitazitia mwenyewe."

Alinitazama, kisha akanikabidhi klarineti na kwenda kusimama pale ukutani, ameinamisha kichwa. "Haya. Nipigie mimi."

Nikampigia zote nne kwa mpangilio wangu. Akaomba nirudie. Nikarudia. Akainua mkono kwenye ileile yangu. Alipogeuka na kuiona, alijiziba mdomo kwa kiganja akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Mwalimu wangu asisikie!"

Kwenye basi la kurudi, tulipokaribia kushuka, akaniambia kwamba miaka yote hiyo hajawahi kujiuliza yeye mwenyewe anapenda sauti gani. "Sijaumia," alisema. "Nimeshangaa tu." Mimi nilikuwa nimepakata sanduku langu jipya, na sikutaka kujifanya nina la kumshauri.

Nilitarajia atabadilisha. Alipokwenda likizo kwao aliingia duka kubwa la ala pale Osaka, peke yake, akakaa humo mchana kutwa akijaribu za Kifaransa na za Kijapani. Ujumbe wake ulinikuta kazini, wakati wa chai. "Nimejaribu nyingi sana. Narudi na yangu ya zamani. Safari hii nimeichagua mimi." Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kama angenifuata mimi.

Aliniletea kitambaa cha hariri cha kufutia ndani ya klarineti, cha kwao, chembamba kama hewa. Alisema hapo Wajapani hawana ubishi, wote wanatumia hicho.

Tamasha la masika lilifanyika ukumbini hapohapo, na mwongoza bendi alinipa kipande cha kupiga peke yangu. Nilisimama, nikavuta pumzi ya kutosha, na sauti ikatoka kama nilivyoitaka, hadi ile noti ya mwisho ya juu ambayo wapigaji wengi huitoa kwa kelele. Mimi niliiweka pale kwa utulivu, nikaiachia iishe yenyewe. Binti yangu, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, aliniambia kwenye gari kwamba nilionekana kama mtu mwenye nyumba yake.

Dada bado anasisitiza kwamba kwa ya Kifaransa ningepiga vizuri zaidi. Kila Jumanne namwambia aniazime yake nihakikishe, na kila Jumanne anaifungia sandukuni.