Mbwa wa Lori

Mbwa wetu alikuwa amefika Butembo, amefika Kisangani, amelala hata Kasindi mpakani, lakini kutembea kwenye avenue yetu ya Mabanga hakujua. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori, na mbwa huyo alikuwa mlinzi wake wa mizigo. Safari nzima alikaa juu ya magunia akiangalia nchi inavyopita. Lori likisimama, alishuka na kulala chini yake. Mume wangu alipofariki kwa presha, ndugu zake waliuza lori na kugawana vyombo. Mbwa hakuna aliyemtaka, akawa fungu langu.

Sisi ni Waislamu, babu zetu walitoka Maniema, na wenyewe mnajua habari ya mbwa kwetu. Wifi yangu alikuja kunitazama mara moja tu baada ya arobaini. Alisimama mlangoni, sketi ameikunja mkononi.

“Wifi, sasa mu nyumba ya Waislamu imbwa inafanya nini?”

“Inalala inje,” nikamwambia. “Haiingiyake mu nyumba.”

“Na mate yake?”

Nikamwambia najua kutawadha, najua kuosha mara saba na moja iwe kwa udongo, anitafutie tu huo udongo hapa Mabanga ambako kila ukikanyaga ni jiwe la volkano. Hakucheka. Chai yangu aliiacha imejaa, na hakurudi tena. Jamaa wengine nao wakafuata nyayo zake.

Binti yangu wa pekee aliishi Kampala. Alikwenda huko mwaka ule volkano ilipomwagika na kuila nyumba yetu ya kwanza, akasema mji unaotoa moto chini ya miguu yeye hauwezi. Alinipigia simu siku za Idd. Kwa hiyo nyumbani tulikuwa mimi na mbwa. Asubuhi nilimwamkia, jioni nilimpa habari za sokoni, nani kapandisha bei ya maharagwe, nani kagombana na nani. Alinisikiliza kuliko watu wengi ninaowafahamu. Nilikuwa mpweke, na sioni haya kulisema.

Kisha waasi wakasogea karibu na mji. Mabomu yalipoanza kulia upande wa Kibumba, mbwa alipasua bati la ua akatoka mbio, akamwangusha mtu aliyekuwa akisukuma chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, na makaa yote yakamwagika njiani. Kesho yake shefu wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, alikuja kwangu. Ni mtu mpole, lakini siku hiyo hata kiti alikataa.

“Mama, basoda ba serikali banapiga imbwa zote zenye kutembeya zenyewe. Banasema zinakula maiti kule mbele. Yako ikitoka tena, sitakusaidia. Uitembeze na kamba, watu baone iko na mwenyewe. Ao uitupe.”

“Nikiifunga hapa kwangu mu parcelle?”

“Kwa ile bati yako yenye kuoza?” akasema, akaenda zake.

Alisema kweli. Ua ule haungemzuia hata kuku. Ikabidi mbwa ajifunze kutembea na kamba, watu wamzoee, askari wamwone na mwenyewe. Nikishindwa, watamuua, nami nitabaki kuzungumza na kuta.

Kamba niliitoa kwenye vitu vya marehemu. Kabla lori halijauzwa nilikuwa nimekata mkanda wa kiti chake, sijui kwa nini, labda nilitaka kubaki na kitu. Ulikuwa mpya kabisa, maana mume wangu hakuufunga siku hata moja katika maisha yake. Nikaushona, nikamvalisha mbwa shingoni.

Aliyesema samaki mkunje angali mbichi alinisema mimi waziwazi, kwani samaki wangu alikuwa amekauka kitambo. Siku ya kwanza alinikokota mpaka kandambili ikakatika. Nikamtukana kwa Kiswahili, kwa Kilingala, hata kwa Kifaransa changu cha shule ya msingi. Hakuna lililoingia. Siku zilizofuata nikabadili. Akivuta, nasimama kama nguzo. Akilegeza na kugeuka kunitazama, namwambia “Ndiyo, papa,” kama ninayembembeleza mtoto, tunaendelea. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo mfukoni niliweka sambaza wakavu, wale dagaa wa ziwa letu, na akitembea vizuri nampa mmoja. Nguo zangu zote zilinuka samaki. Hakukuwa na mtu wa kulalamika.

Nilimfundishia kwenye uwanja wa lava iliyopoa, mahali ilipokuwa nyumba yetu ya kwanza. Hapakuwa na watu wengi huko. Mawe yalikuwa makali, yakamkata nyayo, nikawa nampaka mafuta ya mawese jioni. Chini yetu, mahali fulani, kilikuwa kitanda changu cha ndoa na cherehani ya mama yangu. Tulizunguka juu yake, mimi nikisema “pole pole, papa”, yeye akijitahidi.

Tulipoanza kupita kwenye avenue, mji mzima ulikuwa na maneno. Mjini kwetu mbwa mwenye kamba ni mbwa anayepelekwa kuuzwa nyama.

“Mama, hiyo nyama unauzisha ngapi?” akauliza fundi wa pikipiki.

“Bei ya mama yako,” nikamjibu, na wenzake wakamcheka hadi jioni. Watoto walitufuata wakiniita muzungu. Wenye chukudu walivuka ng’ambo. Lakini taratibu wakazoea. Muuza makaa aliyeangushwa akaanza kumsalimu. Mwanamke mmoja Mkatoliki wa upande wa Bukavu, jirani ambaye hatukuwahi kuongea, akanisimamisha kuniuliza nilimfanyaje mbwa mpaka akatulia hivyo. Tulizungumza pale njiani mpaka jua likawa kali. Tangu kifo cha mume wangu hakuna aliyenishika njiani kwa mazungumzo. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha kama bibi arusi, na mbwa nikampa sambaza wote waliobaki.

Waasi waliingia mjini, askari wa serikali wakaondoka. Siku chache tulijifungia. Maharagwe yalipoisha nikatoka, na mbwa nikatoka naye, kwa sababu kutembea peke yangu siku zile niliogopa. Walikuwa wamesimama kwenye njia panda, vijana wenye bunduki na viatu vya mvua. Mbwa alitembea pembeni yangu, kamba imelegea. Mkubwa wao, kijana wa umri wa binti yangu, akatutazama tukija mpaka tulipomfikia.

“Mama, hii imbwa iko na discipline kupita basoda bangu.” Wenzake wakacheka. “Leta kamba.”

“Ni ya marehemu bwana yangu, papa.”

“Marehemu atanisamehe. Leta.”

Nilitoa. Mkono wangu wenyewe ulinyooka na kumpa. Kisha nikamwomba Mungu mbwa avute. Abweke, amwangushe yule kijana juu ya mawe, aniaibishe mbele ya watu kama alivyoniaibisha siku ya kwanza, aonekane mbwa asiyefaa, wamtupe. Mbwa alinitazama, akautazama mkono ulioshika kamba. Kijana akapiga hatua.

“Ndiyo,” kijana akamwambia, “twende.”

Akaenda naye, pembeni ya goti lake. Niliwafuata kwa macho mpaka wakafika mwisho wa barabara na kukata kona, na kamba haikukaza hata mara moja.