Kura za Adabu za Kaunti ya Loomer

Simu ilipolia asubuhi ya pili baada ya uchaguzi, Verlin Kozisek alikuwa mezani akimenya yai la kuchemsha, na wala hakujisumbua kuinuka. Hakuwahi kuinuka. Kwa miaka yote aliyokuwa kamishna wa Kaunti ya Loomer, simu ya nyumbani ilikuwa kazi ya mkewe, Ardyce. Watu walipiga kulalamika kwamba barabara imezibwa na theluji, au ng'ombe wa fulani wamevunja uzio, au greda imepita na kuacha shimo langoni. Ardyce aliwasikiliza, akawapoza, akampigia dereva wa greda, na Jumapili Verlin akapongezwa kanisani kwa uongozi bora.

Safari hii Ardyce alimnyooshea mkonga wa simu. "Twila huyo. Anakutaka wewe."

Twila alikuwa karani wa kaunti, tena binamu yake Verlin. Si ajabu. Loomer ina ng'ombe wengi kuliko watu, na mtu usipomkuta kwenye ukoo wa baba utamkuta kwenye ukoo wa mama.

"Verlin, umekaa?" Twila aliuliza.

"Nimekaa. Kafa nani?"

"Hajafa mtu. Umeshindwa."

"Nimeshindwa nini?"

"Uchaguzi, bwana wee! Uchaguzi wa juzi."

Verlin akacheka mpaka kiini cha yai kikamkwama kooni. "Nimeshindwa na nani, Twila? Karatasi ilikuwa na jina langu peke yake!"

"Na chini yake mstari mtupu, wa kuandika jina lingine ukitaka. Basi watu wameandika."

"Wameandika jina la nani?"

Twila akakohoa kidogo. "Muulize huyo aliyekupa simu."

Verlin akageuka. Ardyce alikuwa amempa mgongo, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Verlin akachukua kofia yake, akatoka, akaendesha gari hadi mkahawani Harnby, mji pekee wa kaunti, kama mtu aliyepigwa rungu la kichwa lakini bado anatembea.

Mkahawani kelele zilikatika ghafla alipoingia. Wanaume aliokua nao walianza kuchunguza vikombe vyao kana kwamba kuna kitu kimezama kwenye kahawa. Hatimaye Gaylen Rasmus, jirani yake wa ng'ambo ya kilima na rafiki yake tangu utotoni, akajikaza.

"Verlin, ndugu yangu, nisamehe. Nilimwandika Ardyce. Ile siku ndama wangu walipozikwa na theluji, ni yeye aliyenitafutia greda. Nikasema ngoja nimwandike, kama mtu anavyotuma kadi ya shukrani. Nilijua wewe kura unazo tele."

"Hata mimi," akasema mwingine.

"Mimi na mke wangu," akasema wa tatu, "ila kila mmoja kivyake. Tumekuja kuambiana leo. Tulidhani ni sisi tu."

"Nyinyi watu mna wazimu?" Verlin aliuliza. "Mmeniangusha kwa sababu ya adabu?"

"Ndiyo hivyo," alisema Gaylen kwa huzuni ya kweli. "Hakuna aliyetaka uanguke. Wallahi tungejua, tusingekuwa na adabu."

Hapo Verlin akakumbuka jambo lililomchoma kuliko yote. Loomer, kugombea dhidi ya jirani ni utovu wa heshima, na kujipigia kura mwenyewe ni aibu kubwa zaidi. Ni sawa na mtu kujipakulia nyama kabla ya wageni. Baba yake, aliyekuwa kamishna kabla yake, hakujipigia, na yeye hakujipigia hata mara moja. Kila uchaguzi aliingia nyuma ya pazia, akaruka jina lake, akaandika kwenye mstari ule mtupu jina la mkewe. Na juzi aliandika vilevile. Hakumwambia mtu.

Tumaini likaja kwa simu ya mkahawani. Twila alikuwa amepekua sheria: aliyechaguliwa anaweza kukataa kwa maandishi, na makamishna wawili waliobaki wakamteua mtu wa kujaza nafasi. Wangemteua nani tena kama si Verlin? Mkahawa mzima ulishusha pumzi.

"Ardyce atakataa tu," alisema Gaylen, akimpigapiga bega. "Mama yule hana makuu hata kidogo."

"Hana," Verlin alikubali, na akaagiza kipande cha pai.

Baada ya chakula cha mchana alimpeleka Ardyce kwenye jengo la kaunti. Ardyce alivaa koti lake zuri, akakaa kimya njia nzima, na Verlin akamshukuru moyoni kwa kutomwongezea aibu. Twila alikuwa ameshaandaa karatasi. Akaisukuma juu ya kaunta pamoja na kalamu.

"Ni sahihi tu, wifi. Hapo chini."

Ardyce akaisoma taratibu, kisha akairudisha. "Sikatai."

"Umesemaje?" Verlin aliuliza.

"Nimesema sikatai. Nitaapishwa Januari."

"Ardyce, mke wangu, watu walikuwa wanakushukuru tu! Hakuna aliyekusudia!"

"Wao hawakukusudia. Mimi nilikusudia." Alimtazama usoni. "Nilijiandika mwenyewe."

Twila akaziba mdomo kwa kiganja. Verlin alishika ukingo wa kaunta. Angeambiwa mkewe amevunja benki ya Harnby mchana kweupe, angeshtuka kidogo kuliko hivi. Ardyce! Mwanamke anayeomba radhi hata kwa kuku kabla hajamchinja!

"Umejipigia kura," alisema. "Wewe. Na hukuniambia?"

"Nilikuambia, Verlin. Tangu theluji ya mwaka juzi ilipoyeyuka na mto ukala nguzo ya daraja la Plum, nilikuambia. Basi la shule linapita pale kila siku. Bi Lindgren amepiga simu analia, ana wajukuu watatu ndani ya basi lile. Kila nikikuletea habari unanijibu nini?"

Verlin akamsukumia tena ile karatasi.

"Unanijibu daraja alilojenga baba yako halianguki. Sasa basi. Januari, siku ya kwanza, nalifunga."

"Halianguki!" Verlin alifoka, akautupa ufunguo wa gari juu ya kaunta.

Ardyce akauokota ufunguo, na ndiye aliyeshika usukani wakati wa kurudi. Walipofika kwenye njia panda, hakukata kona ya kuelekea darajani. Alinyoosha mbele, kwenye barabara ndefu inayozunguka vilima.

"Umepitiliza kona," alisema Verlin.

"Sijapitiliza."

"Kwa darajani ni karibu."

"Najua. Nikiwa peke yangu huwa nazunguka huku."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Verlin alitazama nje. Majani makavu ya vilimani yalikuwa yanalala na upepo.

"Na tukiwa wote? Jumapili tukienda kanisani, tunapita darajani, na wewe umo ndani."

"Tukiwa wote unaendesha wewe," alisema Ardyce. "Mimi nafumba macho."

Jumapili zote zile alidhani mkewe anasinzia. Mara kadhaa hata alimtania kwa hilo mbele ya watu. Verlin alivua kofia, akaishika magotini. Ardyce aliliogopa daraja. Mke wake mwenyewe alikaa kando yake, amefumba macho, akingoja kuanguka, na hakumwambia asimame kwa sababu alishachoka kumwambia.

"Basi la shule linatoka saa ngapi?" aliuliza mwishowe.

"Saa tisa na nusu."

Verlin akatazama saa ya gari. Mpaka Januari kamishna alikuwa bado ni yeye.

"Geuza gari," alisema. "Vizuizi vya kufungia daraja viko kwenye yadi ya greda."