Msimu wa Kuwinda Bata na Mueni

Siku yangu ya kwanza katika idara ya mifugo, mjini Machakos, nilikabidhiwa bunduki kabla sijaonyeshwa pa kukalia. Karani wa stoo aliilaza juu ya meza, akanitazama viatu, kisha akasema, "Kioko, hii ni bibi ya serikali. Ukiipoteza, usirudi hapa."

Ilikuwa bunduki ya marisawa, ile ambayo haitoi risasi moja bali chembe nyingi ndogo zinazotawanyika zikishatoka mdomoni. Kazi yangu iliitwa mpigaji wa idara. Mbwa akishikwa na kichaa, akaanza kutembea bila njia huku taya limelegea na mate yanamtiririka, niliitwa mimi. Watu wengi hawajui kwamba kulikuwa na kazi kama hiyo, na walioijua hawakutaka kuketi karibu nami hotelini.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Konza, kwenye ranchi, ambako mbweha wenye kichaa waliuma ndama. Mkaguzi wa Mifugo wa pale alikuwa mtu wa maneno machache. Alinifundisha mambo mawili: kujua upepo unatoka wapi, na kutopiga mnyama kama huna hakika utammaliza. "Mbwa hana kosa," aliniambia. "Wewe ndiye utakuwa na kosa ukimwacha akiteseka."

Baadaye nilihamishiwa Mitaboni. Huko nilifanya zaidi kazi ya chanjo. Siku ya soko watoto walileta mbwa kwa kamba za katani, na binti yangu Mueni, ambaye bado alikuwa shule ya msingi, alijipanga mstarini pamoja nao ingawa hatukuwa na mbwa. Alitaka tu kuona sindano ikiingia. Nilimfukuza mara nyingi. Alipomaliza shule alisomea afya ya mifugo na kazi ya maabara, na miaka ya elfu mbili aliajiriwa katika idara ileile, kwa kipindi cha majaribio kwanza, kama ilivyokuwa kawaida.

Ndipo ikaja hofu ya homa ya ndege. Walioishi wakati huo wanakumbuka. Redio ilitaja ugonjwa huo kila jioni, na akina mama walirudi kutoka soko la Mitaboni wakiwa na kuku walewale waliokwenda nao. Ilisemekana kwamba bata mwitu wanaohama Ulaya wakati wa baridi wangeweza kuuleta, nao hushukia kwenye mabwawa yetu. Kisha kule Kivaa, upande wa bwawa la Masinga, kuku wa boma moja wakafa kwa pamoja.

Mkuu wa maabara, ambaye sote tulimwita Daktari, aliniita ofisini.

"Mzee, nyavu zimeshindwa. Bata wanaziona, na mamba wamezirarua. Nataka uwapige, na sampuli zichukuliwe palepale kabla joto halijaziharibu."

"Nani atachukua sampuli?"

"Mueni." Alifunga mlango. "Yuko kwenye majaribio, unajua. Ukirudi, uniambie ukweli kama anaiweza hii kazi. Usimpendelee kwa sababu ni damu yako."

Hakujua kwamba hofu yangu haikuwa kumpendelea. Neno langu moja lingemrudisha Mueni kwenye meza ya kupima maziwa mjini, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufa. Neno hilo nilikuwa nalo mdomoni kabla hata hatujapanda gari kwenda Kivaa.

Maji ya Masinga yalikuwa yamerudi nyuma, yakaacha tope lililopasuka juu lakini laini chini. Visiki vya miti iliyozama zamani vilisimama majini. Hatukuthubutu kuingia kwa miguu kwa sababu ya mamba, hivyo mvuvi mmoja, Musyoka, akakubali kutubeba kwa mtumbwi wake. Alimtazama Mueni akivaa suti nyeupe ya kujikinga, barakoa na miwani mikubwa.

"Mzee, huyu ni mtoto wako ama ni mtu wa mwezini?"

"Niko na jina, Musyoka," Mueni alijibu kutoka ndani ya barakoa. "Na wewe vaa hizi glavu kabla hujashika hiyo kasia."

Uwindaji wa bata ni kazi ya kukaa kimya, na mimi siku hiyo sikuweza. Bata hutua akiukabili upepo, hivyo mwindaji hujificha akiupa upepo mgongo, ili ndege waje kuelekea kwake. Wenyeji wetu, bata wenye uso mweupe, hupiga filimbi wakiruka. Utawasikia kabla hujawaona. Wageni wa Ulaya tuliowahitaji huja kimya, shingo nyembamba, kasi kubwa. Hupigi kundi lililobanana, kwa maana marisawa yatajeruhi wengi usiowataka. Yote hayo niliyajua vizuri, lakini nilihama kutoka tuta moja la matete hadi jingine, nikakagua bunduki niliyokwisha kuikagua.

"Baba, tulia. Unatingisha matete."

"Natafuta upepo."

"Upepo haujahama. Ni wewe unahama."

Musyoka alicheka hadi mtumbwi ukayumba.

Wageni walikuja jua lilipoanza kuchoma. Nilipiga, wawili wakaanguka. Mmoja alikufa papo hapo. Wa pili alianguka karibu na visiki akipigapiga bawa moja, na Musyoka akasukuma mtumbwi kumfuata. Mueni aliinama, akamshika shingo kama alivyofundishwa. Yule bata akajikunja, akarusha miguu, na kucha ikapasua glavu kwenye kifundo cha mkono. Niliona damu. Ilikuwa mkwaruzo mdogo tu, kama wa mwiba.

Alimmaliza bata. Tuliporudi ufukoni alinawa kwa sabuni kwa muda mrefu, akaosha tena kwa dawa, akafunga jeraha na kuvaa glavu mpya. Kisha akachukua sampuli: pamba kwenye kijiti, moja kooni na nyingine chini ya mkia, kila moja kwenye chupa yake, zote kwenye sanduku la barafu.  Mimi nilizunguka ufukoni nikiwa mikono mitupu.

Kanuni ilikuwa wazi. Aliyekwaruzwa alitakiwa kutoa taarifa na kutengwa na watu hadi majibu yatoke. Musyoka alikuwa ametupa mgongo, akifunga mtumbwi. Mueni alinitazama, nami nikafungua mdomo. Sijui hadi leo ningesema nini, kwa sababu alikuwa ameshapanda kilimani kutafuta mtandao.

"Daktari, ni Mueni. Nimekwaruzwa na bata."

Gari lilikuja jioni. Lilichukua sanduku la barafu, likamwacha yeye.

Alipigiwa hema nyuma ya zahanati. Muuguzi alimpima joto asubuhi na jioni. Mimi niliambiwa nikae mbali, nami nikachagua jiwe ambalo niliweza kuona mlango wa hema kutoka hapo. Sikukaa sana juu ya jiwe hilo. Nilitembea hadi majini na kurudi, hadi barabarani na kurudi, watoto wa Kivaa wakaanza kunisalimia kama mtu aliyehamia.

Mara moja alikohoa, nikafika kwenye kamba ya hema bila kujua nimefikaje.

"Ni vumbi, Baba! Rudi kwa jiwe yako."

Mama Kalunde, mwenye wale kuku waliokufa, alikuwa ametufokea siku tuliyofika. Kama bata wangekutwa na ugonjwa, kuku wote waliobaki Kivaa wangeuawa, na yeye alijua. Alikuja siku ya pili akiwa na chupa ya uji, akasimama mbali kidogo.

"Huyo ndiye amekwaruzwa na bata?"

"Ndiye, mwaitu," nilimjibu, kama mtu anavyomwita mama yake.

"Na hajakimbia?"

"Hajakimbia. Amejisemea mwenyewe."

"Aiya! Mimi saa hii ningekuwa Kitui." Aliweka chupa chini. "Mwambie iko na sukari."

Majibu yaliletwa na Daktari mwenyewe. Alishuka garini, akaenda moja kwa moja hadi mlango wa hema, akauinua bila barakoa usoni. Kwa kuuona uso wake mtupu, nilielewa kabla hajasema.

"Bata walikuwa wazima," alisema. "Na wale kuku wa boma wamekufa kwa kideri." Kideri ni ugonjwa wa zamani wa kuku, hauna uhusiano na bata wa Ulaya, na chanjo yake ni tone moja la jichoni. Mueni alitoka nje, akajinyoosha, akauliza kama sampuli zilifika zikiwa baridi.

Daktari alinivuta pembeni. "Sasa nijibu lile swali."

Lile neno bado lilikuwa mdomoni. Mabwawa mengine yalikuwa yakisubiri, na baada ya hapo ungekuja ugonjwa mwingine, kwa maana magonjwa hayaishi.

"Anaiweza, Daktari. Mimi ndiye siwezi tena."

Alidhani natania. Nilimpa bunduki palepale, nikamwomba apeleke mpigaji mwingine kwenye mabwawa yaliyobaki. Mueni alithibitishwa kazini, nami nilimalizia muda wangu stoo ya Machakos, nikiwakabidhi vijana vifaa, hadi nilipostaafu.

Sasa niko Mitaboni, nafuga kuku. Vijana wanaoingia kazi hii huja kuniuliza ni lazima wajue nini. Nawaeleza habari za upepo na za kumaliza unachoanza, kwa sababu hayo yanafundishika. Siwaambii habari za kukaa na kusubiri. Jambo hilo sikuwahi kulijua vizuri, na kustaafu hakujanifundisha. Bado naamka mapema na kuzunguka boma bila shughuli.

Mueni huja akiwa likizo kuwachanja kuku wangu. Mimi huwashika, yeye hutia tone.

"Baba, shika mabawa yote mawili. Huyo si bunduki."

Mara nyingine simu yake huita katikati ya kazi hiyo. Yeye huinuka, hufuta mikono na kutoka hadi langoni, nami hubaki na kuku kifuani nikijaribu kusikia ni ugonjwa gani na ni wapi. Neno la kwanza ninalosikia huwa lilelile. Mueni husema, "Nakuja," kisha ndipo huuliza ni wapi.