Msiweke Fedha Hapa

Karibu kila neno nililolisema siku ile mjini Masasi, yeye ndiye aliyenifundisha. Alikuwa mwekezaji kutoka Dar es Salaam, mwanamke aliyenizidi umri kidogo, nami nilimwita dada. Alikuwa ameweka mtaji katika karakana yangu ya Kitangari, tunakokamua mabibo kuwa juisi badala ya kuyaacha yaoze chini ya mikorosho. Kila akija alilala kwetu. Alimwamkia mama shikamoo, kisha akabeba ndoo tukaenda naye kupanga foleni ya maji.

Sasa alikuwa amenikutanisha na wawekezaji wenzake waliotaka kujenga kiwanda kikubwa. Nilizungumza bila kutetereka. Nilipomaliza, mmoja wao akamgeukia dada.

"Wewe unamfahamu. Unatushauri nini?"

Nilishaanza kutabasamu.

"Msiweke fedha hapa," alisema. "Si sasa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilitaka kushusha kikombe cha chai, nikakosa meza. Yeye akaendelea kwa sauti ileile aliyonifundishia: maji hayatoshi, kiwanda kitasimama katikati ya msimu, na kijiji kitabaki na mabomba makavu. Yote yalikuwa kweli. Mimi ndiye niliyemweleza, tukiwa kwenye ile foleni.

Wale wageni waliaga kwa adabu. Nilimfuata dada nje.

"Ungeniambia jana, dada."

"Ningekuambia jana ungeniomba ninyamaze. Na mimi ningenyamaza."

"Umeniaibisha."

"Najua." Hakunitazama. "Nilikuwa na kiwanda cha sabuni. Aliyekuwa akinishauri aliona kabisa kwamba hakitaweza kubeba mtaji mkubwa niliokuwa napewa, akanyamaza. Kiliposimama, wenye fedha wakachukua kila kitu, mpaka jina. Mimi wakaniajiri nipokee mizigo mlangoni."

Miaka yote ile hakuwahi kunigusia habari hiyo. Nikashtuka mara ya pili, nikiwa bado sijapoa na ya kwanza.

Nilirudi peke yangu. Mama aliposikia aliacha kupepeta mchele.

"Huyu aliyekula ugali wangu?"

"Huyohuyo."

Alichukua tena ungo. Halafu akauliza, "Kwani maji yapo?"

Wiki kadhaa sikupokea simu za dada. Nilipopokea, hatukuombana radhi. Tulizungumzia kukausha mabibo, kazi isiyohitaji maji mengi. Alikuja na fundi, wakajenga makaushio ya jua na tangi la kuvunia maji ya mvua. Leo mabibo yetu makavu yanauzwa Newala na Masasi, na karakana bado ni yangu.

Bado namwita dada. Ila tukiwa kikaoni, mtu akimwuliza maoni yake, mikono yangu hutafuta mahali pa kushika.