Gauni Jeusi na Ukuta wa Buluu

Hilaire Pruneau hakujua kukaa. Alikula amesimama, alinyolewa huku akigeuza kichwa, na kanisani padri alishamzoea: katikati ya mahubiri atatoka nje kwenda kutazama kama moto chini ya pipa lake bado unawaka. Marehemu mkewe alikuwa akisema ameolewa na upepo. Kazi yake ilikuwa kutia vitambaa rangi nyeusi, pale kwenye mto Bièvre, na mimi nilikuwa mfua nguo mtoni, upande wa chini yake, kwa hiyo msitarajie nimsifu sana. Yeye akimwaga maji ya pipa, shuka zangu zinageuka za matanga. Tulitukanana miaka na miaka mpaka tukazoeana.

Lakini nyeusi yake, jamani, ilikuwa nyeusi. Mtaa mzima wa Saint-Marcel ukifiwa ulikwenda kwake. Alichemsha magome, akatia kutu ya chuma, akachovya, akaanika, akachovya tena. Kisha alikipeleka kitambaa mlangoni, akakishika mbele ya ukuta wake wa chokaa, akakikunjia uso kama mtu anayedai kitu. Kikiwa cheusi tii, alikikunja. Kama sivyo, kilirudi pipani, na mwenye msiba asubiri.

Ukaja mwaka wa kipindupindu, ukamchukua mkwewe, Justin Ravet, kijana wa kiwanda cha karatasi za kubandika ukutani. Ombeline, binti pekee wa Hilaire, akabaki na mtoto wa kunyonya nyumbani kwa mama wa marehemu, Bi Perpétue, kule juu barabara ya Mouffetard. Kwa baba yake wasingeweza kuishi. Chumba cha Hilaire kilikuwa juu ya mapipa, na mvuke ule ulimkohoza hata paka, sembuse mtoto mwenye kifua kibovu.

Gauni la ujane Hilaire alilitia rangi mwenyewe, hakumwachia mtu. Jumapili ya kwanza Ombeline alikaa mezani mahali pake pa siku zote, akiupa ukuta mgongo. Bi Perpétue akamtazama, akaweka kijiko chini.

"Hiyo ndiyo nyeusi?"

"Ndiyo, mama. Baba kaitia mwenyewe."

"Basi baba yako kazeeka. Hiyo kahawia. Ina kutu. Mwanangu hajapoa kaburini, wewe unanivalia kahawia!"

Hilaire, aliyekuwa amesimama na bakuli lake dirishani, alicheka kwa dharau. Halafu akageuka kutazama, na kicheko kikamkauka. Aliiona kutu kwa macho yake mawili.

Akalichukua gauni usiku uleule, akalichovya upya. Kwenye ukuta wake wa chokaa lilikuwa tii. Kwa Bi Perpétue, kutu. Akabadilisha magome, akagombana na muuza chuma, akaosha pipa mpaka mbao zikalia. Kwake tii, kule kutu. Mganga hajigangi, watu walisema, na wengine wakasema mabaya zaidi. Majirani wa Bi Perpétue walishaanza kunong'ona ngazini kwamba lisemwalo lipo, na yeye mwenyewe akalimeza neno lao zima.

"Mtaa wote unapata nyeusi kwa baba yako," alimwambia Ombeline, "mwanangu tu ndiye anayepata makapi? Hapana, binti. Wewe ndiye umemwambia aipunguze. Kuna mtu unataka akuone."

"Mama, nani aniangalie mimi? Hata kuchana nywele nimesahau."

"Sijui. Nakupa mpaka Pasaka. Pasaka ikinikuta na kahawia hiyo mezani kwangu, chukua mtoto, urudi kwenye mapipa ya baba yako."

Hapo Hilaire ndipo alipoharibika kabisa. Zamani alikuwa hatulii. Sasa ilikuwa kama amekalia siafu. Alitembea na kipande cha kitambaa kile mfukoni, akimsimamisha kila mtu: mchinjaji, padri, mwanamke wa mikate. "Hii rangi gani? Sema kweli!" Mimi alinifuata mpaka mtoni, magoti yangu yamo majini.

"Nyeusi, Hilaire. Nyeusi kama roho ya mwenye nyumba wangu. Sasa toka, unanizibia jua."

"Unanidanganya, Mama Toinette. Unanionea huruma."

"Nikuonee huruma wewe, uliyeniharibia shuka miaka yote?"

Kweli nilikuwa namwonea huruma, lakini mtu haambiwi kila kitu.

Wiki ya Pasaka ilipoingia nilimkuta kwenye duka la mvinyo, anazunguka meza. Nilikuwa nimepita na kapu langu la nguo safi. Mezani alikaa Fulgence, mfumaji wa kiwanda cha mfalme, pale wanapofuma zile picha kubwa za kutundika ukutani. Hilaire akamtupia kipande chake puani.

"Rangi gani?"

Fulgence akakitazama polepole. "Nyeusi. Na nzuri. Kwani nani anasema siyo?"

Akaelezwa yote, akaanza kucheka. "Na sisi tulilia hivyohivyo! Nyeusi zetu kwenye vivuli vya majoho ya buluu zilikuwa zinapauka. Tukawalaumu watia rangi, tukawatukana na mama zao. Mabwana wa kiwandani wakapimapima wee, wakasema nyeusi haina kosa. Jirani yake ndiye anaiharibu."

"Jirani gani? Acha mafumbo."

"Rangi ya pembeni, Hilaire. Rangi haikai peke yake. Buluu ikikaa na nyeusi, inamsukumia mwenzake kutu."

"Kwa hiyo macho yangu ni ya uongo? Maisha yangu yote nimefanya kazi na macho ya uongo?"

"Siyo ya uongo, ndugu yangu. Yanasikiliza majirani tu, kama sisi sote."

Hilaire alitaka kumpiga. Fulgence hakubishana naye. Alichana kipande kile katikati, nusu akaiweka juu ya sahani nyeupe, nusu akaibandika kifuani kwa mwenye duka, aliyevaa shati jipya la kazi, buluu iliyokolea. Tukainama kutazama. Nusu ya kwenye sahani ilikuwa tii. Ile ya kifuani ilikuwa na kutu. Hilaire akazibadilisha, akazibadilisha tena, mwenye duka akalalamika kwamba anatekenywa.

"Ukuta wa Perpétue," aliuliza kwa sauti ndogo, "una rangi gani?"

Mtu kaingia nyumba ile Jumapili zote, hajui! Alikuwa anatazama nyeusi tu. Nikamwambia mimi, maana nguo zao nilikuwa napeleka mwenyewe: "Buluu, Hilaire. Kama shati hilo hilo."

Aliingiza mikono mieusi kwenye kapu langu, akachomoa shuka ya mke wa daktari, akakimbia. Mungu anisamehe matusi niliyotoa nikimfuata Mouffetard nzima.

Nilipofika juu ninahema, alikuwa amepanda benchi, ameitandaza shuka ukutani kwa mikono yote miwili nyuma ya Ombeline.

"Tazama sasa, Perpétue! Tazama!"

Bi Perpétue alitazama. Gauni lilikuwa jeusi tii, jeusi la kaburini, na uso wa yule binti juu yake ulikuwa umekonda kuliko nilivyofikiri. Hilaire akaishusha shuka, kutu ikarudi. Akaipandisha, ikaondoka.

"Ni ukuta!" alipiga kelele kwa furaha. "Ukuta wako ndio mwongo! Tuung'oe leo hii!" Akashika pembe ya karatasi ya ukutani, akaivuta.

"Usiguse!"

Sijawahi kusikia sauti ile tena. Bi Perpétue alikuwa amesimama. "Kaibandika Justin hiyo. Karatasi za kiwandani kwao, alizinunua mabaki. Pale juu ya jiko kaipinda, nikamcheka. Kila asubuhi naitazama."

"Mimi ndiye niliyemshikia ndoo ya gundi," alisema Ombeline. "Alipinda kwa sababu nilikuwa namchekesha."

Bi Perpétue akamgeukia. Akatazama ukuta, kisha gauni, kisha ukuta. Nilimwona akielewa, na nilitamani niwe mahali pengine.

"Kumbe ni buluu ya Justin," alisema. "Muda wote huu nimekutukana kwa buluu ya Justin."

Ombeline alinyanyua kiti chake, akakielekeza upande wa dirisha, penye ukuta mtupu wa chokaa. "Nitakuwa nakaa huku, mama. Huku itaonekana nyeusi."

"Rudisha kiti."

"Mama?"

"Rudisha kiti mahali pake. Kaa hapo alipokuwa anakuweka yeye."

Akarudisha. Bi Perpétue akamchukua mtoto mapajani, akagawa supu ya kabichi, na mimi nikapewa bakuli pia, ingawa shuka yangu ilikuwa na alama za vidole vya Hilaire pande zote. Hilaire alisimama na bakuli lake, anamtazama binti yake mbele ya ukuta, hawezi kujizuia.

"Perpétue," aliuliza, "sasa unaionaje? Nyeusi au kahawia?"

"Kahawia," alisema Bi Perpétue. "Kaa, ule supu yako."

Akavuta benchi, akakaa.